Aliyeachwa Langoni

Ko.

Mlango uligongwa mara moja tu, usiku, na hodi haikufuata. Mwalimu Mwinyimadi aliinua kalamu, akasikiliza. Mgeni wa watu hugonga na kupiga hodi, asipoitikiwa hurudia, ya tatu ikipita bure, huenda zake. Huyu aligonga akanyamaza, wala hakuondoka, kama mtu aliyekwisha kuambiwa angoje.

"Usiitike," mkewe Zena alinong'ona kutoka chumbani.

"Mimi wa kuitika? Nimekaa hapa tangu isha naomba neno moja linijie, na anayekuja ni huyu."

Akarudi kwenye karatasi. Juu yake palikuwa pameandikwa Kitabu cha Pili. Chini yake hapakuwa na kitu.

Miaka minne nyuma, mwalimu huyu wa skuli ya Kisarawe alitoa kitabu cha kwanza. Kilisimulia habari za mwana wa mfalme asiye na jina, aliyeshuka chini ya vilima vya Pugu hadi mji wa majini kulitafuta jina lake. Katika ukurasa wa mwisho kijana anafika kwenye lango la mji, anagonga, na sauti ya ndani inauliza: Nani? Hapo kitabu kikakoma. Jina lingekuja katika cha pili. Wasiojua kusoma walisomewa na waliojua, kutoka Kisarawe mpaka Magindu, na wote wakabaki langoni pamoja na kijana wao.

"Mwalimu," Husseini mwenye duka alikuwa akimwuliza kila alipomwona, "yule kijana bado kasimama? Miguu haijamuuma?"

"Nimekuja kununua sukari, bwana Husseini."

"Sukari ipo. Ninachouliza mimi ndicho hakipo."

Barazani watu walicheka, na Mwinyimadi alirudi nyumbani na sukari yake, amefura. Alijaribu Shamsudini. Alijaribu Nurulaini. Alijaribu Sultani Jabali. Kila jina lilimkaa yule kijana kama kanzu ya kuazima, hapa linabana, pale linaburuta, naye akachana karatasi, akawasha moto wa chai kwa karatasi hizo, chai ikanuka wino.

Jina lenyewe alikuwa nalo. Lakini lilikuwa na mwenyewe.

Miaka miwili kabla ya kile kitabu, Zena alizaa mtoto wa kiume, na mtoto akafa mkesha wa siku ya saba, siku ya kupewa jina. Mwinyimadi alikuwa amekwisha kulichagua, hajamwambia yeyote. Alitaka lisikike kwanza mbele ya watu, lina raha ya kusikika. Kaburini waliozika walimwuliza wamtaje nani katika dua. Akainama, akaendelea kufukia. Zena naye alimwuliza baadaye, mara moja tu, akajibiwa, "Nilikuwa bado nafikiri." Ndipo akaanza kuandika habari za mtoto asiye na jina, na watu wote wakasifu ubunifu wake.

Zena aliposhika mimba nyingine, mlango nao ukaanza kugongwa.

Mwanzo ilikuwa usiku mmoja mmoja. Kisha ikawa kila magharibi, na kila ulipogongwa ikaja harufu ya karafuu maiti, harufu ile ile ya sanda ndogo. Mwinyimadi akafunga virago, akapanda lori na mkewe mpaka Kibaha, kwa shemeji yake Salumu huko Sofu. Huko, alisema, ataandika kwa utulivu.

"Shemeji, hao ni panya," Salumu alimcheka. "Ninyi watu wa vitabu, panya akikohoa mnamwandikia utenzi."

Magharibi ya pili: ko. Salumu alichukua panga, akafungua mlango. Uani hapakuwa na mtu, wala mchanga uliofagiwa jioni haukukanyagwa popote, ila mbele ya kizingiti, ambapo palikuwa na nyayo mbili zinazotazama ndani, zimedidimia kama za mtu aliyesimama hapo mwaka mzima. Zilikuwa ndogo. Nyayo za mtoto wa miaka kama sita.

Salumu alifunga mlango, na habari ya panya hakuitaja tena.

Mtoto alizaliwa Sofu, wa kiume, mzima, mwenye sauti. Lakini kila mlango ulipogongwa aliachia titi, akageuza shingo ambayo haijakomaa kugeuka, akautazama mlango. Kufikia siku ya tano hakunyonya kabisa. Wakamwita Bi Mwamini kutoka Magindu, mama mnene mwenye haraka zake, aliyejulikana kwa kutoa mashetani sugu.

"Shikamoo, bibi," alisema Mwinyimadi.

"Marahaba. Kumbe ndiye wewe. Tulisomewa kitabu chako mpaka usiku, kisha ukatuacha tumekodoa macho. Nilikulaani kidogo. Leteni moto."

Siku ya sita, jua likizama, alitia ubani katika chetezo, akazungusha moshi pembe zote za chumba, akasoma anayoyasoma, na mlango ulipogongwa aliusogelea, akauliza kama awaulizavyo wote.

"Wewe nani?"

Sauti ya mtoto, kavu, ya mtu ambaye hajaongea siku nyingi, ikajibu:

"Hilo ndilo ninalongoja kuambiwa."

Bi Mwamini alikaa chini polepole. Akaanza kukusanya vitu vyake.

"Bibi, unakwenda wapi?" Zena alinong'ona.

"Mwanangu, mashetani wote niliowatoa walikuwa na majina wakiyaficha. Huyu hana. Nitamwita kwa lipi atoke? Na kesho mwanao anapewa jina lake. Wa nje atalidaka. Mwenye jina ndiye atakayebaki ndani, na asiye nalo ndiye atakayesimama pale mlangoni."

Mwinyimadi akaukaribia mlango. Hasira ilikuwa imemzidi hofu.

"Shamsudini," alisema.

Ko.

"Nurulaini."

Taa ikanywea, ikabaki na ulimi wa buluu.

"Sultani Jabali. Unataka nini? Nimekupa majina ya wafalme, miaka minne nakutafutia, huli hili, huli lile..."

"Mpe lake," Zena alisema.

"Lake lipi?"

"Lile ulilonificha." Hakupaza sauti, alikuwa amempakata mtoto, na midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kukauka. "Ulikuwa hufikiri, Mwalimu. Mtu anayefikiri hulia kidogo. Wewe ulifunga mdomo kama aliyemeza kitu."

"Nikilitaja atakuwa amekwisha, Zena. Ndiyo maana kitabu hakiendi. Akiwa langoni, bado anakuja."

"Alikwisha. Wewe ndiye uliyemsimamisha."

Harufu ya karafuu maiti ikapita chini ya mlango, ikajaa chumbani mpaka ubani ukapotea ndani yake, na mtoto akakakamaa mikononi mwa mama yake, macho wazi, shingo imegeukia mlangoni, na kifua kikapanda kikakawia kushuka, kikapanda tena kikakawia zaidi, huku nje kitu kidogo kikikwaruza ubao kwa kucha, si kwa nguvu, si kwa ghadhabu, bali kama afanyavyo mtoto aliyechoka kusimama anayesikia wenziwe wakila ndani, na Mwinyimadi akaweka paji la uso juu ya ubao ule ule, akahisi upande wa pili, usawa wa kiuno chake, ubaridi wa paji jingine.

Akapiga magoti, wakawa usawa mmoja. Jina lilikuwa pale pale alipoliacha, nyuma ya ulimi, dogo, la kawaida, jina ambalo mfalme yeyote angeliona halimfai mwanawe.

"Usiku umeingia," alisema kwa upole, kama baba anayemwambia mtoto aache mchezo. "Nenda kalale, Kibwana."