Jumamosi ya Kuosha Paneli

Kila Jumamosi asubuhi, Nangila aliteka maji, akafagia kiwanja chao kule Kiplombe, kisha akabaki na kazi ya mwisho: kupanda ngazi aoshe paneli ya sola. Babake, Mzee Mabonga, aliifunga paneli hiyo mwenyewe juu ya bati, akifuata maelekezo aliyoyatazama kwenye simu. Majirani walimcheka. Taa zilipowaka siku ya kwanza, walinyamaza wakaanza kumletea simu zao azichaji.

Baadaye mzee alianguka kutoka kwenye lori akipakua magunia, akavunjika mguu. Kuchaji simu ndiyo kazi pekee iliyombakia. Mama alikuwa mji wa Turbo akimuuguza bibi, hivyo kuosha paneli kukawa jukumu la Nangila.

Nangila alikuwa hodari wa kila jambo linalofanyika ardhini. Ngazi ilimtia kizunguzungu kabla hajafika katikati, naye aliona haya kusema. Basi alibuni njia yake. Alirusha maji kwa kikombe hadi kwenye ukingo wa bati, yakadondoka chini, na babake akayasikia akiwa ndani.

"Umeosha?" Baba aliuliza.

"Nimeosha."

Mwezi wa Novemba jirani alileta mashine ya kupukuchua mahindi. Kwa wiki tatu makapi na vumbi vilipeperuka, vikatua kila mahali, hata kwenye uji. Umande ukavigandisha juu ya paneli. Taa zikafifia. Simu zilizoletwa asubuhi zilichukuliwa jioni zikiwa karibu kuzima.

"Pole, Mzee," Mama Jerop, mmoja wa majirani, alisema akichomoa simu yake. "Wacha nijaribu kwingine. Watoto wangu wako mbali, lazima wanipate."

Wengine waliondoka bila hata kusema pole.

Mzee Mabonga alifungua nyaya, akazikwangua, akazifunga tena. Alifanya hivyo siku nne mfululizo. "Paneli ni safi, betri ni mpya," alijisemea. "Basi makosa ni yangu. Si walisema mimi si fundi?" Aliacha kunyoa ndevu. Chai aliyowekewa ilipoa mezani. Nangila alipomtazama moyo ulimuuma, lakini kila alipotaka kusema, aliona uongo umeshakuwa mwingi mno.

Ijumaa Baba alisema, "Hii kitu imenishinda. Nimemwita Kipkirui, kesho ataiteremsha. Atakayeitaka aichukue."

Asubuhi Kipkirui, fundi wa mabati, alifika na ngazi yake. Baba alikuwa ameshafungua nyaya kwenye betri. Alizikunja polepole, kama mtu anayekunja nguo za marehemu. Nangila hakuweza kuvumilia zaidi.

"Baba, sijawahi kuiosha," alisema huku akilia. "Naogopa ngazi. Yale maji nilikuwa nayarusha tu kwenye bati."

Baba hakuinua uso. "Hata siku moja?"

"Hata moja."

Kipkirui alikohoa. "Mzee, wacha kwanza nipande nione."

Alipanda. "Huku juu kuna shamba zima," alisema, akaomba maji na kitambaa. Alisugua mpaka ndoo ya tatu. Baba alirudisha nyaya mahali pake, na kile kisanduku kinachopeleka umeme kwenye betri kikawasha taa ya kijani ambayo hawakuwa wameiona kwa siku nyingi. Mzee alijifuta macho kwa mkono wa shati.

"Nangila, kuogopa ngazi si kosa," alisema. "Ungeniambia, tungetafuta mtu. Mimi siwezi kupanda, kwa hivyo wewe ndiye uliyekuwa macho yangu kule juu. Uliponidanganya, nilitafuta kosa mahali ambapo halikuwapo, mwisho nikaamini kosa ni mimi mwenyewe. Uongo mdogo unaweza kumvunja mtu moyo, na aliyeusema asijue."

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe. Lakini kwa Mama Jerop utaenda wewe, umweleze mambo yalivyokuwa."

Nangila alienda. Njia ilikuwa fupi, lakini siku hiyo aliiona ndefu.

Jumamosi iliyofuata Baba aliita kutoka ndani, "Umeosha?"

"Bado, Baba. Namngoja Kipkirui. Yeye atapanda, mimi nitashika ngazi."

"Sawa," Baba alijibu, akaichomeka simu ya Mama Jerop.