Njia Nyuma ya Tanuri

Kikombe kilichowakutanisha hakikuwa hata chao. Kilikuwa cha mama mmoja mwenye kofia ya zambarau, na Ensio, katika kujipenyeza kwenye foleni ya Jumamosi ndani ya soko la Oulu, kaskazini mwa Finland, alikipiga kiwiko, kahawa ikamwagika kaunta nzima ya Saimi.

"Kaka, hapa watu wanainywa kahawa, hawaiogi," Saimi alisema, akimrushia kitambaa.

"Samahani dada. Nilikuwa naiokoa kompyuta."

"Ungemwokoa mama wa watu kwanza!"

Foleni ikacheka. Saimi alikuwa na aproni ya mistari ya buluu, nywele kazifunga juu kwa penseli. Ensio alikuwa mrefu, suruali kaikunja mguu mmoja tu, kama watu wote waliofika kwa baiskeli. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na picha ya kijivu, imekunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemshwa.

"Hiyo nini, uso wa mwezi?"

"Msitu. Ndege inapita juu inapiga leza, miale inapenya kati ya matawi mpaka ardhini. Halafu miti tunaiondoa kwenye picha."

"Yaani mnauvua msitu nguo."

"Kwa heshima zote, dada. Tunatafuta matanuri ya lami tu." Akamwonyesha duara lenye mfereji ulioteremka mlimani, mfano wa kikaango na mpini wake. Humo babu zao walichoma visiki vya misonobari polepole mpaka lami ikachuruzika kwenye mapipa. Siku hizi kumeota kuvumwani na majani. Unaweza kusimama juu yake usijue. "Mimi na wenzangu tunayatia kwenye ramani ya mtandaoni, kila mtu ayaone. Hatulipwi, ni wazimu tu."

"Na vingine vinaonekana?"

"Kila kitu. Hata njia za miguu za watu waliokwisha kufa."

Saimi alicheka, lakini neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Maana Saimi alikuwa na siri. Nyuma ya msitu wa marehemu mama yake, kule kijijini Ylikiiminki, kulikuwa na kinamasi, na katika kinamasi hicho kila mwisho wa Julai beri za rangi ya dhahabu, vitunda adimu vya porini, ziliiva kama zimemwagwa kutoka guniani. Na sheria ya nchi inamruhusu mtu yeyote kuingia msitu wa yeyote akachuma. Kwa hiyo ulinzi ni mmoja tu: kunyamaza. Mama alimwonyesha mahali hapo alipofikisha miaka kumi na minane. Baba hakuonyeshwa mpaka anazikwa. Mama alimfundisha pia kugeuka nyuma kila kona, kuangalia kama kuna anayefuata.

Mapenzi hayakusubiri. Mwezi wa sita ulikuta Ensio anakuja kaunta kila mchana kula mkate wa mdalasini asioutaka, na jioni, jua likikataa kuzama, wanaendesha baiskeli ufukweni.

"Dhahabu yangu, kesho unafanya nini?"

"Kesho naenda kwa mama, Ylikiiminki. Kulitazama kaburi."

"Nikusindikize?"

"Hapana!"

Alijibu haraka mno. Akarudi usiku ana vipele vya mbu mpaka masikioni. Ensio alimpaka dawa shingoni, hakuuliza kaburi gani lina mbu wengi hivyo. Na kule kutokuuliza ndiko kulikomtia Saimi wasiwasi. Mtu asiyeuliza, si anajua tayari?

Jioni moja mwishoni mwa Julai, nyumbani kwa Ensio mtaa wa Tuira, mwenyeji akiwa ndani ya sauna, bafu la mvuke, anaimba kwa sauti mbovu, Saimi aliona kompyuta iko wazi mezani. Akachungulia.

Ziwa lenye umbo la buti. Ziwa la kwao!

Juu ya ziwa, kikaango na mpini wake. Na nyuma ya kikaango, kijistari chembamba kilichokanyagwa na bibi, na mama, na yeye mwenyewe, kikiteremka hadi kinamasini. Mtu alikuwa amekipaka wekundu, mwanzo mpaka mwisho.

Alichukua viatu mkononi akatoka pekupeku.

Simu iliita njia nzima, ujumbe juu ya ujumbe. "Saimi, mbona umeondoka? Nimekukosea nini?" Alipopokea mara ya nne, alisema neno moja tu, "Mwizi," akakata.

"Shoga, mimi nilikwambia," kesho yake alisema Mirva, muuza samaki wa kaunta ya jirani, kisu mkononi na masikio yote mawili kwa Saimi. "Mwanamume mzima anakula mikate ya mdalasini kutwa? Kuna kitu anafuata."

"Alisema anatafuta matanuri."

"Na yule wangu wa zamani alisema ana mazoezi ya kwaya. Si nilimkuta na mwimbaji wa soprano!"

Alfajiri iliyofuata Saimi alikwenda kinamasini kukagua. Alijificha nyuma ya msonobari, akiwa na hakika atamkuta Ensio na ndoo. Hakumkuta mtu. Beri zilikuwa palepale, hakuna hata moja iliyoguswa. Anangoja ziive vizuri, alijiambia. Akachuma za kwanza, akarudi kazini vidole vimekuwa vya manjano.

Mchana huo akatokea Mzee Kauko, mstaafu wa reli, mmoja wa kundi lile la kutafuta matanuri. Alikuwa na jambo la kusema na hakujali nani anasikia.

"Yule Ensio wako macho yamekwisha!" Akamnyooshea simu. "Tazama ramani yetu. Eneo hili kalipitia yeye. Nukta, nukta, nukta, kila tanuri lipo. Na hapa kwenye ziwa la buti? Patupu! Tanuri kubwa kama sufuria la harusi, kaliruka."

Saimi aliishika simu kwa mikono miwili. "Mlimuuliza?"

"Tulimuuliza mbele ya watu. Eti ni shimo la changarawe! Kundi zima limemcheka, mtu ambaye hajawahi kukosea. Basi leo nalitia mwenyewe, na Jumapili tunakwenda wote ishirini kulitazama."

Watu ishirini. Kwenye njia ya mama.

"Mzee Kauko," Saimi alisema, "ule msitu ni wetu. Hilo ni shimo la changarawe. Baba alilichimba."

Mzee alimtazama. Akatazama vidole vyake vya manjano. Akavitazama tena. Mirva aliacha kupara samaki.

"Changarawe," alisema mzee taratibu, akairudisha simu mfukoni. "Basi ni changarawe. Hata mimi, binti yangu, nina shimo langu la changarawe, upande wa Pudasjärvi. Hata mke wangu halijui. Nipe kahawa."

Saimi alimpa kahawa ya bure, akakimbilia nje kupiga simu.

"Ensio! Ule wino mwekundu ulikuwa wa nini?"

"Nilikuwa naifuata njia nione inaishia wapi. Ilipoishia kinamasini, nikakumbuka mbu wako. Nilikuwa nifute kila kitu nikitoka sauna."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nimeijua? Ungeniua."

Kweli, angemuua.

Jumapili walisimama wawili tu kando ya tanuri, kuvumwani imelifunika kama blanketi. Ensio alilizunguka mara moja, mikono nyuma, macho yanamng'aa.

"Mtalitia kwenye ramani theluji ikianguka, beri zimekwisha," Saimi alisema. "Tanuri peke yake. Njia usiiguse."

"Njia gani?"

Akampa ndoo ya bati yenye mpini uliofungwa kamba. "Hii ya mama. Haijashikwa na mtu wa nje."

"Basi niishike kama nani?"

"Kama mtu wangu wa nyumbani, Ensio. Ukikubali."

Aliipokea, akaikumbatia kifuani kama mtoto. Kisha akakohoa, akaangaza msituni kama mtu aliyepotea kabisa.

"Sasa mpenzi, ni kushoto au kulia?"

"Kushoto, mwongo wewe," Saimi alisema, akatangulia. Na kwa mara ya kwanza katika njia ile hakugeuka nyuma.