Fundi wa Barua ya Tatu

Magari mabovu Bwanausi alikuwa ameyaona mengi, lakini hili alilolinunua yeye mwenyewe, jipya, kwa wakala wa Dar es Salaam, lilishinda yote kwa visa. Pikapu ya mwaka 1971, rangi ya maziwa. Mvua ikinyesha linavuja, jua likiwaka linachemka. Nazi zake za Makurunge zilifika Bagamoyo kwa kusukumwa. Na hao wakala sasa! "Gari zima, mzee. Tatizo ni barabara zenu." Barabara! Kwani walidhani watu wa Bagamoyo wanaendesha gari baharini?

Aliwaandikia barua mbili za adabu, hawakujibu. Ya tatu akaiandika kwa nyongo, bila hata salamu, yeye aliyefunzwa na wazee wake kwamba barua isiyo na salamu ni tusi. "Kama fundi wenu amekufa," aliandika, "basi nileteeni maiti huyo huyo alitengeneze."

Nayo hawakuijibu.

Jioni moja, magharibi imekaribia, alikuwa akimpeleka bintiye Mwanahija hospitali ya Bagamoyo. Uchungu ulimshika tangu alfajiri, na mkunga wa Makurunge alikuwa ameshainua mikono. Mkewe Ashatu alikaa nyuma na binti, juu ya godoro. Njia nzima Bwanausi alimwomba Mungu na kulitukana gari, kwa zamu.

Katikati ya pori, likazima.

Kri... kri... kri... Kimya.

"Mwanaharamu wee! Hata leo?" Akashuka, akalipiga teke.

"Baba Mwanahija," Ashatu akaita kwa sauti ya chini, "mtoto anakuja vibaya. Fanya hima, tutawakosa wote wawili."

Bwanausi akatazama huku na huku. Hapakuwa na nyumba wala mtu. Kisha ikaja harufu... Kafuri. Ile wanayopakwa maiti wakishaoshwa.

Upande wa pili wa boneti alisimama mtu. Ovaroli safi, nembo ya kampuni kifuani. Bwanausi hakuwa amesikia nyayo zake.

"Nimekuja kwa ile barua," mtu yule akanong'ona.

Mwingine angetimua mbio. Bwanausi hasira zilikuwa zimempofusha. "Leo ndiyo mmeiona njia? Miezi minne! Fungua upesi, bwege wee, mwanangu anakufa!"

Yule mtu akafungua boneti, akaingiza mkono mtupu, hana hata spana. Alipoinama, Bwanausi akaona kitu cheupe masikioni mwake.

Pamba.

Na puani, pamba.

Injini ikawaka bila ufunguo kuguswa, ikanguruma taratibu, laini, kama ambavyo haikupata kunguruma hata siku alipolitoa dukani.

"Usilizime, mzee. Limeazima pumzi."

"Pumzi ya nani?"

Yule mtu hakuwapo tena. Barabara ilikuwa tupu, na harufu ya kafuri ilibaki palepale.

Hospitali walifika bila gari kukohoa hata mara moja. Hakupita muda, Bwanausi akiwa nje kwenye usukani, akasikia kitoto kinalia. Alhamdulillahi! Woga ukamtoka, na dharau yake ikarudi mahali pake. "Usilizime! Gari langu mwenyewe, nipangiwe na mwendawazimu?" Akazungusha ufunguo.

Injini ikanyamaza.

Kilio ndani kikakatika.

"Sista! Njoo! Mtoto hapumui!" Ashatu akapiga kelele.

Akawasha upesi. Likawaka mara moja. Ndani, mtoto akalia tena.

Hakujaribu mara ya pili. Mwanahija na mwanawe walirudi Makurunge wazima, na tangu siku hiyo pikapu ilinguruma mbele ya nyumba yake, usiku na mchana, naye akiijaza petroli ikiwa inawaka. Majirani walisema mzee kaingiwa na wazimu. Hakumwambia mtu, hata Ashatu.

Siku mtoto alipotimiza arobaini, ikaja barua ya wakala. "Tunasikitika kuchelewa. Fundi tuliyempangia kuja kwako, Muhidini, alifariki kabla barua yako ya tatu haijatufikia. Hatujatuma mwingine. Tafadhali lete gari, tutaing'oa injini hiyo mbovu na kukufungia mpya, bure."

Bwanausi akacheka kwa kebehi. Washenzi hawa! Wema wao wa kwanza, na wameuleta leo! Kisha kicheko kikageuka machozi. Akachukua kalamu, akaanza na salamu zote anazozijua, akawaulizia hali wao na watoto wao. Halafu akaandika: "Gari langu ni zima kabisa. Sina lalamiko lolote. Nawaombeni sana, msilete mtu."

Nje, injini ikakohoa.

Chumbani, mjukuu wake naye akakohoa.

Bwanausi akaitupa kalamu, akakimbilia dumu la petroli.

Lilikuwa jepesi.