Kiti cha Meza ya Pembeni

Rafiki yangu seremala, mtu asiyeamini kitu mpaka akipime kwa futi, alikwenda mgahawani kukaza viti alivyovitengeneza mwenyewe. Ulikuwa haujafunguliwa, mapazia yameshushwa, ukumbi giza.

"Fundi, kile cha meza ya pembeni kiache," mkuu wa wahudumu akamwambia. "Kina mgeni."

Kiti kilikuwa kitupu. Huyu kakivunja, anaficha, seremala akawaza, akajifanya anakaza skrubu huku akimchungulia.

Mkuu akakivuta kiti, akainama kwa adabu, akasubiri, kisha akakisukuma mezani.

Kiti kitupu hulia kwa sauti nyembamba kwenye vigae. Seremala anaujua mlio huo kama sauti ya mwanawe. Hiki kiliburuzika kizito.

Mkuu akaenda zake jikoni. Pale pembeni, mbao zikalalamika polepole, kama mtu anapoegemea.