Boksi la Radi

Haya alinisimulia mwenyewe, yule mama wanayemwita Makabati, mwezi wa pili mwaka jana, tulipokuwa tumekaa benchi moja kumngoja daktari wa macho. Foleni ilikuwa haisogei. Alipoanza nilikuwa mtu wa kumi na tisa, alipomaliza nilikuwa wa tatu.

Makabati alikuwa mtunza tepe kwenye lebo ndogo ya muziki, ule wa kufokafoka na ule wa kucheza. Lebo hiyo ilianzia uani kwa mchomelea mageti mmoja, jina la utani Mzee Spika. Mchana alichomelea, jioni alirekodi. Hakuna kampuni kubwa iliyowapa hata msumari. Walikuwa na tepe kubwa sita tu, za duara kama sinia, na kila moja ilikuwa na njia nane za sauti. Kwa kuwa hawakuwa na uwezo wa kununua nyingine, walikuwa na desturi waliyoiita kulaza juu: wimbo usipowaridhisha, wanarekodi mwingine juu yake. Kila tepe ilikuwa na karatasi ubavuni. Jina la wimbo uliofutwa linapigwa mstari mmoja, la wimbo mpya linaandikwa chini yake. Karatasi hizo aliziandika Makabati kwa mkono wake.

Mtu wa kwanza kufoka pale alikuwa Radi, mdogo wake Makabati, tumbo moja. Alirekodi wimbo mmoja, akaugua, akalazwa, akafa siku ya Alhamisi. Baada ya maziko Mzee Spika alitoka mbele ya waombolezaji na boksi lililozungushiwa utepe mweusi wa nguo wenye gundi, akatia sahihi juu yake. Alisema, "Radi yumo humu. Tutalifungua lebo ikitimiza miaka ishirini." Watu walilia. Makabati akaliweka rafu ya juu, na kila wiki akalipangusa vumbi.

Sasa ishirini ilikuwa inatimia Jumatano. Na nyumbani mama yao alikuwa kitandani. Daktari alishasema mrudisheni tu nyumbani. Bi mkubwa hakutaka uji wala dawa. Alitaka kitu kimoja. "Nimsikie mwanangu," alisema, "halafu mfanye mnavyotaka." Makabati akamwahidi Jumatano.

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Makabati alifungua kabati la tepe. Boksi lilikuwa mahali pake. Utepe mweusi ulikuwa umechanwa, na ndani hamkuwa na kitu.

Alipiga ukelele. Wakaja watatu: Mzee Spika, Fundi wa mitambo, na mwalimu wa wachezaji anayeitwa Springi.

Mzee Spika alikaa kwenye kiti kama gunia. "Ndiyo basi," alisema. "Tumeibiwa. Tusiite polisi, tutajichoresha."

"Kabati halikuvunjwa," alisema Makabati. "Funguo ziko mbili. Mmoja ninao mimi, mmoja unao wewe."

"Wangu niliupoteza mwaka juzi."

Wote wakamtazama Makabati. Springi akakohoa. "Kwa hiyo, dada, umebaki wewe."

"Niibe sauti ya ndugu yangu niipeleke wapi, Springi? Nikaanike?"

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo alipoelewa kwamba ana siku mbili, na asipopata tepe, Mama ataondoka na ahadi mkononi, naye ataitwa mwizi maisha yake yote.

Alianza na Fundi, saa tano, chumba cha mitambo. Fundi alikuwa na wembe wa kukatia tepe, haumtoki mfukoni.

"Wembe wako uko wapi, mdogo wangu?"

"Huu hapa. Kumbe leo mimi ndiye mtuhumiwa?"

"Kila mtu mtuhumiwa, hata mimi."

Fundi akauchukua ule utepe mweusi, akausogeza dirishani. "Tazama mwenyewe. Wembe unakata sawa, kama mstari. Huu umekwaruzwa. Unaona hivi vimeno? Mtu ametumia kitu chenye meno, ameparura mpaka umechanika. Mimi nikifanya kazi chafu namna hii nistaafu."

Makabati aliona kweli. Vimeno vilikuwa vinne, vimepangana. Akautoa ufunguo wake, akaupima. Meno manne.

Jioni ile alipofika nyumbani, Mama aliuliza, "Ni Jumatano?" Akamjibu, "Bado, mama."

Jumanne asubuhi, saa tatu, mlinzi wa geti alimnong'oneza kwamba Jumapili saa kumi alasiri alimwona Springi akitoka na tepe kubwa kwapani. Alimkuta Springi ukumbini akihesabu hatua.

"Jumapili ulibeba nini?"

"Nani kasema nilibeba?"

"Springi! Mama yangu yuko kitandani anahesabu pumzi, nawe unanichezea ngoma?"

Springi akaacha kuhesabu. Akaenda kwenye begi lake akatoa tepe. Haikuwa ya Radi. Ilikuwa ile ya Viatu Mkononi, wimbo wa kucheza uliowatoa kimaisha, mpaka watu waliuchezea peku. "Nilitaka kuusikiliza kwa mashindano. Nisamehe, dada, najua tepe hazitoki."

"Nani alikufungulia kabati?"

Springi alitazama dari, akatazama viatu. "Mzee. Kwa ufunguo wake. Akaniambia nichukue haraka niondoke, yeye ana kazi humo ndani. Nilimwacha ameshika lile boksi. Nilidhani analipangusa."

"Na jana ulinyamaza, ukaniacha niitwe mwizi?"

"Ndiye anayenilipa, dada. Nifanyeje?"

Makabati aliichukua ile tepe akarudi chumbani kwake, akajifungia. Mzee aibe mali yake mwenyewe kwa nini? Akaliweka boksi tupu mezani, akaweka pembeni boksi la tepe nyingine, akayatazama moja baada ya jingine kama anachambua mchele. Lile jingine lilikuwa na alama ndani, pete ya duara iliyobonyea kwenye karatasi, maana tepe ikikaa miaka mingi huacha umbo lake. Boksi la Radi halikuwa na pete. Lilikuwa na mraba wa kutu, mkubwa kama kiganja.

Alikaa kitako sakafuni. Tepe haijaibiwa Jumapili. Haijawahi kuwemo. Miaka ishirini humo ndani kulikuwa na chuma, na aliyelifunga boksi alikuwa mchomelea vyuma.

Basi tepe ya Radi iko wapi? Akazitoa zote rafuni, akahesabu tepe kubwa za mwanzo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu msiba. Pamoja na ile aliyorudisha Springi zilikuwa sita, zile zile sita. Tano zilikuwa na karatasi zenye majina yaliyopigwa mistari, mwandiko wake. Ya sita, Viatu Mkononi, ilikuwa na karatasi safi yenye jina moja tu, na mwandiko haukuwa wake; wiki ile alikuwa wodini kwa Radi, na baadaye hakuuliza aliyeiandika. Akachemsha maji, akaishikilia karatasi kwenye mvuke. Ikaachia taratibu. Chini yake palikuwa na karatasi nyingine. RADI, mwandiko wake mwenyewe, na mstari mmoja katikati.

Jumatano saa tatu asubuhi aliwaita wote chumba cha mitambo. Akaweka mezani boksi, utepe mweusi na tepe.

"Mzee, ufunguo wako uliopotea una meno manne. Weka hapa."

Mzee Spika hakubisha. Akautoa mfukoni, akauweka. Gundi nyeusi ilikuwa bado imeganda kwenye meno.

"Ulimlaza mtu juu ya ndugu yangu," alisema Makabati.

"Ilikuwa Jumanne," alisema Mzee Spika. "Wachezaji walikuwa wameshafika, na tepe tupu hatuna hata moja. Radi yuko wodini. Mwenyewe alikuwa ameniambia ubeti wa pili haujampendeza, akitoka ataurudia. Nikasema, si bora arudie wote? Nikalaza juu. Alhamisi akafa."

"Ukatufungia chuma."

"Nilikata bamba lenye uzito wa tepe. Watu walikuwa wananitazama, Makabati. Mama yako alikuwa amenishika mkono."

"Miaka ishirini napangusa vumbi la bamba! Nazungumza nalo! Jumapili ukalitoa lisionekane leo, na Jumatatu uliniacha niitwe mwizi wa ndugu yangu."

"Nilidhani watu wangesahau."

"Mama hajasahau."

Mzee Spika akalia, kilio kibaya cha mtu mzima asiyejua kulia. Makabati hakuwa hata na machozi. Kweli ameipata, mwizi amempata, na Mama bado hana kitu cha kusikia.

Fundi ndiye aliyesogea. Alikuwa ameiokota ile tepe. "Dada, ngoja. Viatu Mkononi nimeichanganya mara mia. Ngoma njia mbili, besi, kinanda, gitaa, waitikiaji wawili. Hizo saba. Ya nane imeandikwa tupu, sijawahi hata kuipandisha. Zamani mlianzaje kurekodi mtu anayefoka?"

"Anafoka kwanza kienyeji tu," alisema Makabati polepole, "ili mpiga ngoma ajue pa kupiga. Ndipo anarudia vizuri kwenye njia nyingine."

"Ile ya kienyeji mliiweka wapi?"

Mzee Spika akainua uso. "Ya mwisho. Ya nane."

Fundi akaifunga tepe kwenye mtambo, akashusha njia saba zote, akapandisha moja. Mvumo, kama mvua ya mbali. Halafu: "Mzee, nipunguzie hiyo ngoma masikioni. Haya, naanza." Akaanza. Ilikuwa ubeti mmoja, maneno mengine ameyala, katikati akacheka, akakohoa kwa muda mrefu, akasema, "Basi, tutarudia." Ikaisha. Dakika moja na nusu.

Fundi akaihamishia kwenye simu. Saa sita na nusu mchana walikuwa chumbani kwa Mama, pazia limefungwa nusu. Mzee Spika alibaki mlangoni. Makabati akaweka simu juu ya mto.

Mama alisikiliza macho yamefumbwa. Ilipoisha akauliza, "Mbona anakohoa hivyo? Amemeza dawa?"

"Amemeza, mama."

"Ni huyo Mzee Spika aliyemtunza?"

Mzee Spika akaingia hatua moja. "Hapana, mama. Mimi nilimfuta. Hiki kidogo kimebaki kwa bahati tu."

Mama akamtazama kwa muda mrefu.

"Basi kaa chini," akasema. "Usimsimamie mtu anapozungumza. Mrudisheni tena."

Wakamrudisha, mara nane, mara tisa. Mzee Spika alikuwa amekaa sakafuni, kichwa magotini, mpaka Fundi alipomshika mkono wakatoka. Katikati ya mara ya kumi Mama akalala, mdomo wazi kidogo, anakoroma. Makabati akaweka kiganja kifuani pake, akahesabu pumzi mpaka alipoona zinafuatana. Hakuwa amefumba macho tangu Jumapili. Akajinyoosha kwenye mkeka kando ya kitanda, simu bado inazungumza, na kabla ndugu yake hajakohoa naye akalala.