Nilibadili Jina la Picha Moja, Kaka Yangu Akauawa Inde

Nina miaka thelathini na moja. Sina meno mawili ya mbele, na nikicheka huziba mdomo kwa kiganja... ingawa siku hizi sicheki sana. Naishi Pajulu, nje kidogo ya mji wa Arua, katika nyumba ya mama yangu. Tunalala chini ya bati moja na hatusemezani.

Wasomaji wenzangu, ninayoyasimulia niliyafanya kwa mkono wangu mwenyewe. Sikulazimishwa. Sikuwa nimelewa. Nisomeni mpaka mwisho, kisha mnihukumu.

Naitwa Candiru. Miaka minne iliyopita nilikuwa mfanyakazi wa ofisi ndogo ya matangazo mjini Arua. Bosi wetu, Bwana Swaib, alichukua kazi za wenye maduka, saluni, wauza mbegu, watu wa kila aina. Walituletea picha na video, sisi tukazikata kwa vipimo, kisha zikasambazwa mtandaoni na katika makundi ya simu ya mkoa wote wa West Nile, huku kaskazini-magharibi mwa Uganda.

Kazi yangu ilikuwa kuyapa mafaili majina. Msicheke! Kompyuta yetu ilikuwa na programu ya kupanga matangazo yenyewe. Haikutazama sura iliyo ndani ya picha. Ilisoma jina tu. Mafaili yote yaliyoanza kwa maneno yale yale iliyakusanya, ikayaunga, ikatoa tangazo moja. Picha zikiitwa kitenge-koboko-1 na kitenge-koboko-2, na video ikiitwa kitenge-koboko-3, basi zote tatu zilitoka pamoja kama tangazo la muuza vitenge wa Koboko. Ukikosea jina, ng'ombe wa mtu anajikuta kwenye tangazo la saluni. Kwa hiyo bosi aliyakagua matangazo kila asubuhi kabla ya kuyaruhusu yatoke.

Poni nilimleta mimi.

Alikuwa Mkakwa wa kijiji cha Abuku, kule Koboko. Tulisoma pamoja sekondari. Aliponipigia simu akilia kwamba amekosa kazi, nilimwombea kwa bosi na kumkaribisha chumbani kwangu. Miezi mitano tulikula sahani moja. Alipiga picha vizuri kuliko sisi sote, na uso wake wateja waliupenda. Yule muuza vitenge alikataa msichana mwingine yeyote kwenye tangazo lake. Alimtaka Poni, na tabasamu lake.

Kisha bosi akaamua kufungua tawi Koboko. Nani angelisimamia kama si mimi? Mimi niliyekuwa pale tangu siku ya kwanza! Nilishawaambia hata majirani.

Bosi akaniita. "Candiru, wewe unajua majina ya mafaili," akasema, "lakini Poni anajua watu. Poni ndio itaenda Koboko."

Poni alinikumbatia mbele ya wote. "Dada, Koboko hapana mbali. Tutakuwa pamoja tu."

Nilitabasamu. Ndani yangu kulikuwa kunaungua... Ni mimi niliyemtoa kwenye shida! Leo anipite?

Wiki ile Poni alikabidhiwa kazi yangu ya majina, ili ajifunze kabla ya kuhama. Alikaa kwenye kiti changu na kuingia kwenye kompyuta kwa neno lake la siri. Nililijua. Hatukuwa tunafichana kitu.

Siku moja walikuja mume na mke kutoka Inde, mji mdogo wenye soko kubwa. Mtoto wao wa miaka minne alikuwa amepotea sokoni huko. Kamera ya duka moja ilikuwa imenasa video fupi: mwanamke mwenye kitambaa kichwani, ameipa kamera mgongo, amemshika mtoto mkono, wanaondoka. Uso hauonekani. Yule mama alikuwa amelia hadi sauti imekauka. Mumewe alitaka iandikwe: Mwanamke huyu ameiba mtoto. Ukimwona, mkamate.

Poni aliipa video ile jina onyo-inde-1.

Alasiri hiyo akatoka kwenda kununua chakula. Nikakaa kwenye kiti, nikafungua kompyuta kwa neno lake la siri, nikachukua ile picha yake ya kitenge akitabasamu. Nikaiita onyo-inde-2.

Sekunde kumi, wasomaji! Sekunde kumi tu...

Nilijiambia bosi ataona asubuhi, atakasirika, atasema huyu msichana hana umakini, na Koboko nitapewa mimi. Nilijiambia ni aibu ndogo tu ya hapo hapo ofisini.

Asubuhi bosi hakuja. Alikuwa amefiwa na baba yake mkubwa, akaondoka alfajiri kwenda kuzika. Kwa kuwa tangazo la mtoto lilikuwa la haraka, aliiruhusu programu kwa simu yake itoe kila kitu yenyewe, bila kukagua.

Nilipofika saa tatu tangazo lilikuwa tayari limeenea. Inaanza ile video. Halafu uso wa Poni, mkubwa, unatabasamu. Halafu maneno: Ukimwona, mkamate.

Nikauliza Poni yuko wapi. Mwenzetu akaniambia ametumwa kupiga picha za wauza mboga. Wapi? Inde!

Nilikuwa na simu mkononi. Ningempigia! Lakini nikifuta tangazo, kompyuta itaandika ni nani aliyelifuta. Nikimwambia Poni, ataniuliza nimejuaje. Nikasema ngoja bosi arudi. Nikakaa. Nikanywa chai, jamani! Nilikunywa chai huku rafiki yangu akiingia sokoni!

Yaliyotokea huko niliyasikia baadaye, mengi mahakamani.

Muuza nyanya mmoja alitazama simu yake, akamtazama Poni, akatazama simu tena. Akapiga kelele, "Ni yeye! Ile mama ya video iko hapa!" Poni alicheka, akidhani ni utani. Jiwe la kwanza lilimpiga sikioni.

Wakamzunguka. Walikuja na fimbo, matofali, michi ya kutwangia. Alilia, "Mimi hapana iba mutoto! Mimi iko na kazi ya picha tu!" Mtu akainyakua kamera yake. Ilikuwa na picha za soko, na ndani yake watoto wamesimama kando ya mama zao. Hapo ndipo wazimu ulipowapanda. "Anachagua watoto!" wakasema. Walimpiga kwa kamera ile ile mpaka ikavunjika usoni mwake.

Na nani alikuwa amempeleka Inde? Kaka yangu Ezati... Kaka yangu wa pekee! Alikuwa mwendesha bodaboda, baba wa watoto watatu, na ofisi yetu ilimwita mara kwa mara. Alikuwa ameegesha kando ya barabara akimngojea. Angeweza kuwasha pikipiki akaondoka. Nani angemlaumu?

Hakuondoka. Alipenya katikati ya watu, akajilaza juu ya Poni. "Muache! Huyu ni rafiki ya dada yangu! Mimi namjua!"

Kumjua ndiko kulikomuua. "Huyu ndio anabeba watoto na pikipiki!" mtu akajibu. Walimpiga kwa nondo mgongoni, kisha kichwani. Hakuinuka. Walichukua petroli kwenye pikipiki yake mwenyewe, wakaanza kummwagia, na polisi walipofyatua risasi hewani kiberiti kilikuwa tayari kimeshikwa. Watu wakatawanyika. Askari walipomgeuza Ezati walimkuta Poni chini yake, ameloa damu ya watu wawili, anapumua.

Ezati alikufa kabla ya kufika hospitali. Poni alipoteza jicho moja, na mkono wake wa kushoto hauinuki tena.

Aliyenipigia simu alikuwa Letaru, mke wa kaka yangu. Alipiga yowe tu... na mimi nikajua.

Na bado sikusema! Polisi waliona kwamba picha ilibadilishwa jina na mtu aliyeingia kwa neno la siri la Poni. Wakamfunga pingu kwenye kitanda cha hospitali, na jicho lake likiwa bado linatoka damu. Watu wa ukoo wetu nao wakaamini ni uzembe wake uliomuua Ezati. Nilikaa mkekani msibani, nikapokea pole, nikanyamaza.

Siku ya tatu mtoto wa Inde akapatikana, mzima kabisa. Mwanamke wa kwenye video alikuwa shangazi yake, aliyemchukua baada ya ugomvi wa kifamilia. Hakuna mtoto aliyeibwa! Hakuna mwizi aliyekuwepo!

Siku hiyo hiyo, wanaume wa ukoo walipanda pikapu na mapanga na madumu ya petroli. Baba mdogo Onzima aliwaongoza. "Mutoto wao alituulia mutu," alisema. "Leo Abuku itaungua." Letaru aliwahimiza akilia, akitaka kwa baba yake Poni isibaki hata nguzo.

Nilimfahamu baba yake Poni. Likizo moja aliniagizia gunia la karanga, kwa sababu tu nilikuwa rafiki wa binti yake. Akilini niliona moshi juu ya nyumba yake kabla moto haujawashwa. Nilitoka nikasimama mbele ya gari.

"Si Poni," nikasema. "Ni mimi. Mimi niliweka picha yake pale, kwa wivu."

Baba mdogo akashuka, akanipiga mdomoni kwa mpini wa panga. Meno nikayatema mchangani. Letaru akaokota mchi, akanipiga ubavuni, tena, na tena, akiuliza, "Kwa nini? Kwa nini? Kwa nini?" Mbavu tatu zilivunjika. Nilimtafuta mama kwa macho. Alinitazama muda mrefu, akanigeuzia kisogo. Katekista wetu ndiye aliyeniburuta hadi stoo ya kanisa, akafunga mlango na kuulinda mpaka polisi wakafika.

Pikapu haikwenda Abuku. Ni jambo moja tu ninaloweza kulitaja bila aibu.

Nilikiri mahakamani, Poni akaachiwa, nikafungwa miaka mitatu. Baadhi ya waliomuua Ezati walifungwa pia. Wengine wanaendelea na biashara zao sokoni.

Nilipotoka nilikwenda Abuku. Poni alikuwa uani akibangua karanga kwa mkono mmoja. Nilipiga magoti, nikalia, nikaomba. Aliendelea kubangua. Mwishowe akasema, "Candiru, simama. Magoti yako haitarudisha jicho yangu."

Nikasimama.

"Nikipita sokoni Koboko, wamama bado wanashika watoto wao," akaendelea. "Ile video bado iko kwa simu zao. Wewe ndio uliniita mwizi. Nenda uambie watu. Wote. Kwa mdomo yako mwenyewe."

Hakusema amenisamehe. Sikumuuliza. Nimesema kanisani Pajulu, nimesema sokoni Koboko nikazomewa na kurushiwa maganda, na sasa nasema kwenu.

Wewe unayeshika picha za watu kazini, usiiweke sura ya mtu mahali isipostahili, hata kwa utani, hata kwa saa moja. Mashine haina huruma ya kujiuliza. Ukishafanya kosa, kimbia ukalisahihishe saa hiyo hiyo, upoteze kazi, ufungwe, lolote! Dakika nilizojilinda mimi ndizo zilizomuua kaka yangu. Na wewe unayetumiwa video na kuokota jiwe, je, umemuuliza hata jina?

Anaitwa Poni. Ni mpiga picha wa Abuku. Hakuiba mtoto wa mtu yeyote. Kama ile video bado iko kwenye simu yako, nakusihi, ifute leo.