Mwanamke Mmoja Mwenyeji

Jumamosi moja ya mwaka 1956, katika soko la Iringa, Asukile aliinamia magunia ya maharage, tai shingoni, soksi zimevutwa hadi magotini. Alikuwa Mnyakyusa aliyerudi karibuni kutoka Makerere, sasa bwana shamba wa Mbeya, na alitaka kila mtu alijue hilo.

"Kaka, unanunua au unayakagua kama askari?" Aliyeuliza ni Rozalia, mwalimu wa shule ya wasichana, gauni la njano, mdomo mkali.

"Natafuta yasiyobunguliwa, dada. Naandika utafiti."

"Basi twende kwa mama yangu. Yake hayabunguliwi."

Mapenzi yakaanzia hapo. Asukile akawa haishi kupanda basi kuja Iringa, na mama yake Rozalia, Mama Evarista, naye akampenda. Katika nyumba ile mgeni haonyeshwi mbegu. Lakini siku moja mama alimwita, "Mwanangu, njoo," akampeleka kwenye kihenge, akamwonyesha majivu na majani anayochanganya na maharage. Rozalia akatabasamu, maana posa ilikuwa imekubaliwa kabla ya kuletwa.

Makala ikaandikwa kwa Kiingereza, na Asukile akaisoma Mbeya mbele ya mabwana shamba, Wazungu kwa Waafrika. Rozalia alikaa mbele na viatu vipya, akingoja kusikia jina la mama yake. Alichosikia ni hiki: "Imebainika kwamba mwanamke mmoja mwenyeji, asiye na elimu..."

Baada yake akasimama Mwingereza mmoja, mtaalamu wa kahawa. Huyo alisema "mimi" bila woga wowote. "Mimi nilikosea. Aliyenionyesha njia ni Mzee Yotamu, yule pale." Watu wakampigia Yotamu makofi. Uso wa Asukile ukawaka moto, na alipogeuka, Rozalia alikuwa ameshaondoka.

Kesho yake Asukile akapiga simu shuleni kwa Rozalia. "Roza, mpenzi wangu..."

"Unaongea na binti wa mwanamke mmoja mwenyeji."

"Kiingereza cha utafiti ndivyo kinavyoandikwa!"

"Mwenye Kiingereza chake mbona kataja jina? Wewe ulimwogopa nani?"

"Niliogopa wataniona mshamba."

"Ukaona afadhali mshamba awe mama yangu." Simu ikakatwa.

Akapanda basi la Iringa. Mama hakuwa ameambiwa yaliyotokea Mbeya. "Kamwene, mwanangu!" alimpokea kwa furaha. "Haya, Mbeya ulinisemaje?"

Rozalia akatazama chini, hakumsaidia. Mama hakujua Kiingereza, kwa hiyo uongo ungepita. Lakini Asukile alipiga magoti, akaitafsiri sentensi ile yote, neno kwa neno, na hajapata kuona aibu kama ile maishani.

Mama alichochea moto. Mwishowe akasema, bila hasira, "Rozalia, mletee mgeni maji anawe."

Rozalia alimmiminia maji, machozi yakimdondoka. "Uje tena," alinong'ona. "Uanze upya."

Asukile alikula maharage aliyoandaliwa mpaka yakaisha, akashukuru kama mgeni anavyoshukuru.